Kaiti yenye nguvu si lazima iwe kubwa

Jumapili iliyopita nilikuwa soko la wakulima pale Laurel Avenue nikichagua sukuma wiki, mara nikahisi mtu amenishika mkono. Kumbe ni mama mmoja wa hapa hapa Takoma Park, mwenzangu wa harusini na misibani, mzaliwa wa Paje, Unguja.

"Dada, nilikuwa nakutafuta. Mwanangu anataka kununua tiara."

Nikacheka. Nikamwambia tiara hainunuliwi, inaundwa kwa njiti za chelewa na mfuko wa plastiki. Mwenzangu hakucheka.

"Si hiyo. Hii ya baharini, inayomvuta mtu."

Tukasogea pembeni akanieleza. Kijana wake ana miaka 20, yuko chuo, mwembamba wa kilo 62. Julai iliyopita alikwenda kwa bibi yake Paje, na binamu yake anayefundisha wageni mchezo huo akamfundisha na yeye. Tangu arudi hana habari nyingine. Mwezi wa kumi anakwenda na wenzake Outer Banks, kule North Carolina, na safari hii hataki maji matulivu, anataka mawimbi. Ameona mtandaoni kaiti ya mtumba ya mita 14, bei nafuu, na muuzaji amempa siku chache tu. Fedha zake hazitoshi, kwa hiyo amemwendea mama. Hoja yake ni moja: "Mama, kwenye mawimbi lazima uwe na nguvu, na hii ndiyo ina nguvu."

"Mimi nimekulia pwani," mama akaniambia. "Baba yangu alikuwa mvuvi. Najua bahari inavyochukua watu. Nikimnyima ataniona mwoga. Nikimpa, halafu likatokea la kutokea, nitamlaumu nani?"

Swali hilo si lake peke yake. Vijana wetu wengi wanakwenda nyumbani likizo, Paje, Jambiani, Diani au upande wa Malindi, na wanarudi na mapenzi ya mchezo huu. Kwa hiyo jibu nililompa mwenzangu nalileta hapa barazani, pamoja na yale ambayo pale sokoni hatukuwa na nafasi ya kuyamaliza.

Kosa langu mwenyewe

Nianze kwa kukiri. Mwaka wangu wa pili wa mchezo huu nilikuwa Hatteras, upande wa bahari kuu. Upepo ulikuwa noti 22. (Noti 1 ni karibu kilomita 1.85 kwa saa, kwa hiyo noti 22 ni kama kilomita 40 kwa saa.) Nilimwona mwanamume mmoja akicheza vizuri sana kwenye mawimbi na kaiti ya mita 12. Nami nilikuwa nayo ya mita 12 garini. Nikaitoa.

Sikutazama kwamba yule bwana alinizidi kilo 25 au zaidi. Mimi nilikuwa na kilo 64. Kaiti ilipopanda tu, miguu yangu iliacha mchanga. Niliburutwa ufukweni kama gunia la mkaa, nikakumbuka kufyatua kamba nikiwa nimeshachubuka mkono mzima na bega limeteguka. Kama mbele yangu pangekuwa na gogo au gari lililoegeshwa, pengine safu hii ingekuwa inaandikwa na mtu mwingine.

Wazee walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Katika mchezo huu msemo huo unatakiwa uandikwe juu ya kila mfuko wa kaiti.

Nguvu inatoka wapi

Watu wengi wakisikia kaiti yenye nguvu wanafikiria kitambaa kikubwa. Kitambaa kina sehemu yake, lakini mwenye kauli kubwa ni upepo. Ukiongeza eneo la kaiti kutoka mita 9 hadi 12 (hizi ni mita za mraba), nguvu inaongezeka kwa theluthi moja. Lakini upepo ukiongezeka, nguvu haiendi nao sawasawa. Inakwenda kwa mraba wake. Upepo ukitoka noti 15 kwenda 20, mvuto unakaribia kuwa mara 1.8. Ukitoka 15 kwenda 30, yaani ukijirudia mara mbili, mvuto unakuwa mara nne. Kaiti ni ile ile, kamba ni zile zile, ila mkononi sasa una mnyama mwingine.

Kuna hesabu ya kukisia ambayo wachezaji wengi wanaitumia. Chukua uzito wako kwa kilo, zidisha kwa 2.2, kisha gawa kwa noti za upepo. Utapata ukubwa wa kaiti kwa mita za mraba. Ni makadirio tu, lakini yanatosha kumzuia mtu asifanye kosa kubwa.

Tumfanyie hesabu kijana wetu. Kilo 62 mara 2.2 ni 136. Siku ya noti 18 anahitaji kaiti ya mita 7.5 hivi. Ile ya mita 14 anayoitaka inamfaa siku ya upepo wa noti 10, na upepo wa noti 10 mara nyingi hauleti mchezo wa maana kwenye mawimbi. Siku ambayo mawimbi yamesimama vizuri na upepo umekaza, kaiti hiyo kwake itakuwa kubwa karibu mara mbili ya inavyotakiwa. Ndiyo hesabu ile ile iliyonitegua bega.

Nilipompa mama hesabu hii alinijibu haraka, "Lakini binamu yake kule Paje anatumia mita 12!" Nikamuuliza binamu ana kilo ngapi. Akasema ni pande la mtu, hapungui kilo 85. Basi hesabu yake inampa mita 12 kwenye upepo wa noti 15 au 16, na ni halali yake.

Mawimbi yanabadili kazi ya kaiti

Hapa ndipo kijana anapochanganya mambo, wala si yeye peke yake.

Kwenye maji matulivu kaiti ndiyo injini. Inakuvuta, inakurusha, inakushusha. Kwenye mawimbi, injini ya pili ni wimbi lenyewe. Kaiti inakufikisha nje, inakuweka mahali wimbi linapoanza kusimama, halafu unataka ikae kimya pembeni wimbi likubebe. Na ubao wa mawimbi ni mkubwa na unaelea zaidi kuliko ule mfupi wa kujifunzia, hivyo hauhitaji mvuto mkubwa kuuendesha. Ndiyo maana wachezaji wengi wa mawimbi huchukua kaiti ndogo kidogo kuliko ambayo wangeichukua kwenye maji matulivu siku hiyo hiyo.

Kaiti ya mawimbi inapimwa kwa mambo matatu.

La kwanza ni kugeuka upesi. Wimbi halikungoji. Ukiwa unateremka kushoto na wimbi likaanza kuvunjika, kaiti lazima ihamie kulia sasa hivi. Kaiti ya mita 7 inageuka kama bajaji, ya mita 14 inageuka kama lori la mchanga.

La pili ni kuelea yenyewe kamba zikilegea. Ukiteleza juu ya wimbi unaifuata kaiti yako, kamba zinapoteza mkazo. Kaiti isiyotengenezwa kwa kazi hiyo inaanguka majini. Iliyotengenezwa kwa mawimbi inarudi nyuma taratibu pamoja na upepo, inakungoja, na mkazo ukirudi inaitika.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni kuacha nguvu unapotaka. Ukisukuma gongo la kushikia mbali nawe, mvuto unapaswa kukatika karibu wote, na ukilivuta kwako urudi mara moja. Nguvu unayoweza kuiita na kuifukuza ndiyo nguvu ya kununua. Isiyofukuzika ni hatari hata ikiwa ndogo.

Lakini nisieleweke vibaya. Kuna wazazi watakaosoma hapa na kusema, "Basi mnunulie iliyo ndogo kabisa, awe salama." Hapana. Kaiti ndogo mno kwenye mawimbi ni mtego. Ubao unazama, huwezi kuvuka pale mawimbi yanapovunjika, na unabaki katikati ukipigwa na moja baada ya jingine. Kaiti ikikosa upepo inaanguka mbele ya wimbi, wimbi linaijaza maji na kuibiringisha, na kamba za mita 20 na zaidi zinageuka kuwa nyavu huku wewe uko ndani. Hapo ndipo kijana ana haki. Kwenye mawimbi unahitaji nguvu ya akiba, ya kukutoa pabaya kwa sekunde tatu. Tofauti yetu ni kwamba akiba hiyo inapatikana kwenye kaiti ya kiasi chako yenye kuitika vizuri, haipatikani kwa kujibebesha kubwa.

Ukienda kununua

Kaiti nyingi za mawimbi zina mbavu tatu za kujazwa hewa. Zenye mbavu tano zinakaa imara zaidi angani na watu wengine wanazipenda kwa kuruka, lakini ni nzito, na uzito si rafiki wa kuelea. Tafuta yenye mbavu tatu na kitambaa kilichoongezewa nguvu kwenye mishono, kwa sababu wimbi litaipiga siku moja, upende usipende.

Kwa mtu wa kilo 60 hadi 65, kaiti za mita 7 na 9 zinamtosha kwa siku nyingi. Kwa mtu wa kilo 80, ni 9 na 11 au 12. Kama fedha zinatosha moja tu, nunua ile ya upepo unaoupata mara nyingi, na siku nyingine zote kaa ufukweni ule karanga. Kuahirisha mchezo hakuna gharama.

Mtumba si dhambi. Kaiti mpya, hata bila gongo na kamba zake, inapita dola 1,000 kirahisi, na wanafunzi wetu tunawajua. Lakini ikague kama unavyokagua gari:

Jaza hewa, iache sebuleni saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha. Ikilegea, ina tundu au vali imechoka. Shika kitambaa, kizuri kina mchakacho kama karatasi mpya. Kikiwa laini kama kanga iliyofuliwa miaka kumi, jua limeshakila. Pitisha kidole kwenye kila mshono wa ukingo wa mbele. Funga ncha za kamba zote mahali pamoja, zivute, uone kama zina urefu sawa. Na kabla ya yote, jaribu kifyatulio cha usalama huku mtu akivuta kwa nguvu upande wa pili. Kikikwama hata mara moja, ondoka.

Uliza pia umri wake. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, ndio walioweka hataza ya kaiti ya kujazwa hewa mwaka 1984, na umbo lao la upinde linaloweza kuacha nguvu karibu yote lilienea madukani kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Kaiti ya zamani kuliko hapo haifai kununuliwa, hata ukipewa bure na kusindikizwa kwa soda.

Paje si Hatteras

Kijana amejifunza Paje, na Paje ni mwalimu mpole. Mwamba uko mbali, ndani yake maji ni ya kina kifupi na yametulia. Kusi kinavuma kuanzia Juni hadi Septemba, kaskazi kati ya Desemba na Machi, na vyote viwili vina tabia ya kuvuma kwa utaratibu. Anachohitaji mtu ni kujua maji kujaa na kupwa, na kuwaheshimu akina mama wa mwani. Kilimo hicho kilianza upande huo wa Unguja mwaka 1989, kabla kaiti hazijajaza ufukwe, na vigingi vile pamoja na kamba zake ni shamba la mtu, kama mgomba ulivyo wa mtu. Bibi wa huyu kijana ni mmoja wao, kwa hiyo hilo halihitaji kufundishwa.

Outer Banks kuna sura mbili. Upande wa ndani, Pamlico Sound, ni maji mapana ya kina kifupi, na mtu wa Paje atajiona yuko nyumbani. Upande wa pili ni Atlantiki yenyewe. Mawimbi yanavunjika karibu na mchanga, mkondo unakwenda na mtu, na mwezi wa kumi maji yameanza kupoa, kwa hiyo unahitaji nguo ya mpira. Upepo nao ni wa tabia nyingine. Ndugu Wright walikwenda huko huko, karibu na Kitty Hawk, kwa sababu ya upepo wake na mchanga wake, na tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka na ndege yao. Miaka michache kabla yake walikuwa wakizirusha zile za kwanza kwa kamba, kama tiara. (Mwaka 1909 Wilbur Wright alikuja kufundisha maofisa wa jeshi kuruka hapa jirani yetu College Park. Uwanja ule bado upo, wapelekeeni watoto.)

Lakini upepo wa vuli kule unakuja na mawingu ya baridi, na unaweza kutoka noti 15 hadi 30 ukiwa bado unafunga mkanda. Kumbuka ile hesabu ya mara nne. Kwa hiyo unaposoma utabiri, usichague kaiti kwa wastani wa upepo tu; tazama na ile namba ya pili, ya upepo wa ghafla. Namba mbili zikipishana sana, usiingie. Na msimu wa vimbunga vya Atlantiki haufungwi mpaka mwisho wa Novemba. Kimbunga kikiwa mbali, mawimbi yanapendeza kwa picha. Yatazame kutoka kwenye matuta ya mchanga, inatosha.

Na kanuni moja isiyo na mjadala, Paje au Hatteras: upepo ukitoka nchi kavu kwenda baharini, hakuna kuingia. Kifaa kikiharibika, upepo huo hautakurudisha.

Nilichomwambia mama

Nilimwambia asimnyime, na asimpe kwa ajili ya ile ya mita 14. Fedha zile zile, na kidogo ya ziada, zitafute kaiti ya mawimbi ya mita 9, ya mtumba, isiyo na miaka mingi. Kwa kilo zake inamfaa noti 15 hivi, na kwa jinsi hizi zinavyoachia nguvu ataitumia mpaka upepo uongezeke kidogo. Ukipita hapo akodishe ya mita 7 au akae chini. Tena nikamwambia aweke masharti manne, na ayaseme mapema, si siku ya safari: siku mbili za kwanza abaki Pamlico, siku ya kwanza ya mawimbi awe na mwalimu, helmeti na jaketi okozi kila mara, na asiingie peke yake hata siku moja.

Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Atasema nampunguzia."

Jumatano kijana alikuja kwangu mwenyewe, amekunja uso. Nikampa kalamu afanye ile hesabu kwa mkono wake. Akaandika 14, akapata noti 9.7. Akarudia. Akanyamaza. Nikamwonyesha kovu la mkono wangu. Tukatoa kaiti yangu ya mita 7, tukaijaza hewa sebuleni, ikagusa ukuta na ukuta, akaanza kucheka mwenyewe.

Lakini aliyemaliza kesi si mimi. Usiku ule mama alimpigia bibi Paje na kumweleza yote. Bibi akauliza swali moja tu: "Upepo wa huko ukoje?" Kijana akajibu, "Mkali, bibi." Bibi akamwambia majahazi ya zamani yalibeba tanga zaidi ya moja, kubwa la upepo mdogo na dogo la upepo mkali, na nahodha aliyetweka kubwa kwenye upepo mkali hakuitwa shujaa, kwa sababu hakurudi kuitwa chochote.

Muuzaji wa ile ya mita 14 ameshaambiwa atafute mteja mwingine. Safari ipo pale pale. Mama bado ana wasiwasi, na mimi sikumwambia auondoe. Mtoto wa mvuvi akiacha kuiogopa bahari ndipo pa kuanza kuhofia.

Kwa wenye watoto wadogo: Machi ikiisha, pale kwenye viwanja vya Washington Monument huwa kuna tamasha la tiara ambalo limekuwapo tangu 1967. Nendeni na chelewa zenu. Mtoto akijua tiara yake imegoma kupanda kwa sababu gani, hesabu za noti akikua hazitampa shida.

Tukijaaliwa, tukutane barazani wiki ijayo.